Makopo Arobaini na Moja

Kila Ijumaa, nikishuka basi la Arecibo,
mikono ikinuka dawa ya mashuka ya hospitali,
nilinunua kitu kimoja ambacho hatukukihitaji.
Kimoja tu. Dola moja na chenji.
Wiki hii dengu, wiki ijayo kiberiti,
bandeji za nusu bei kwa kuwa boksi limebonyea,
mche wa sabuni niliokata vipande vinne
na kuviandika tarehe kwa wanja,
maana kalamu nayo ingekula Ijumaa nzima.

Anselmo aliniita Ghala.
"Ghala limerudi," alisema, nami nimepiga magoti
nasukuma kopo jingine chini ya kitanda,
mpaka usiku tukawa tunalala juu ya maharage.
Nereida, ng'ambo ya korongo, alicheka hadi akashika nguzo:
"Mwenzetu anamwekea nani? Panya?"

Sikumjibu. Niliwahi kupanga foleni ya barafu
tangu saa tisa usiku, mwaka wa kile kimbunga kingine,
nikarudi mlimani na mfuko wa maji ya uvuguvugu.

Akiba haiozi, husema wasemao.
Insulini huoza.
Insulini haikai na dengu.
Inataka baridi, inataka umeme, inataka kadi ya bima,
na mfamasia, binti mpole, hukupa ya mwezi,
si ya mwezi na siku.
Basi nikatia chungu ndani ya chungu,
katikati mchanga, nikaunywesha asubuhi na jioni kama mche,
juu kitambaa kibichi.
Nikaingiza mkono: ubaridi
wa paji la mtoto aliyepona.

Mwezi wa saba nikakuta vichupa viwili nyuma ya mchele.
Sikuvinunua mimi.
Nikamtazama Anselmo, suruali inavyomlegea,
na hesabu ikaja yenyewe:
alikuwa akijidunga pungufu.
Tangu Machi.
Ili naye aweke kitu kimoja.
Nilimpiga kwa taulo. Nikalia. Nikampiga tena.
Vichupa sikuvitupa.

Kimbunga kilikuja Jumanne, siku isiyo yangu.
Kikachukua bati, mibuni, daraja, nguzo za umeme.
Siku ya nne nikatandaza utajiri wangu sakafuni:
makopo arobaini na moja,
tembe za homa, chumvi na sukari za kuharisha
nimekwisha zipima vifukoni,
redio ya kuzungusha kwa mkono,
maji katika madumu yaliyokuwa ya siki.
Nikachagua maharage. Nikavuta droo.
Nikavuta droo zote.
Nikapapasa mfuko wa aproni, nikainua godoro.
Miaka miwili ya Ijumaa,
na kifungua kopo sikununua.

Anselmo alicheka mpaka akakaa chini.
Kisu kikaniteleza. Damu.
Haya, bandeji tunazo.

Alfajiri nikavuka korongo kwa kamba,
makopo sita ndani ya foronya.
Nereida alikuwa mlangoni, paa hana,
mtoto mgongoni, kifua kinapiga filimbi.
Hakutaja panya. Nami sikutaja.
Akaingia kwenye kilichobaki cha jiko
akatoka nacho: cha chuma, cha marehemu mama yake,
meno yana kutu.
Tukapindua ndoo, tukakaa.
Kra, kra, kra.
Nyumba ya tatu wakaisikia sauti, wakaja na vijiko.

Vichupa viwili vilitufikisha siku ya ishirini na sita.
Lori lilipanda ya ishirini na tano.

Leo Ijumaa. Dola moja na chenji.
Dukani kimening'inia kwenye kadi yake, kinang'aa,
mpini mwekundu, senti tisini na tisa.
Nimekishika. Nimekizungusha hewani mara mbili.
Nimenunua maharage.